Alama mbili za Durham na deni la mwanafunzi mchezaji

Kuna wageni wa namna nyingi, ndugu msomaji, lakini sijapata kumsikia wa ajabu kuliko yule anayelipwa ujira ili aje ashindwe. Mgeni wa namna hiyo yupo katika vyuo vikuu vya Marekani, na huonekana zaidi mwezi wa Novemba, msimu wa mpira wa kikapu unapoanza. Chuo kikubwa chenye uwanja mashuhuri hukialika chuo kidogo kisichojulikana sana nje ya jimbo lake. Kidogo hukabidhiwa makumi ya maelfu ya dola. Kikubwa hupata ushindi mwepesi wa kuwafurahisha mashabiki na kuwanyoosha wachezaji viungo kabla ya kukutana na mahasimu wa kweli. Aghalabu hakuna hata ahadi ya kurudishiana ziara, maana mkubwa haendi kwa mdogo.

Jumanne ya tarehe 26 Novemba 2019, siku mbili kabla ya sikukuu ya Waamerika ya kutoa shukrani, mgeni wa aina hiyo aliwasili katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina. Wenyeji walikuwa Chuo Kikuu cha Duke, ambacho wakati huo kilikuwa kimeorodheshwa nambari moja nchini. Mgeni alikuwa Chuo Kikuu cha Stephen F. Austin, kutoka mji mdogo wa Nacogdoches, mashariki mwa Texas. Wanaoishi kwa kucheza kamari walikuwa wamekwisha kupiga hesabu zao: Duke wangeshinda kwa karibu alama 28. Mechi ilipokwisha, ubao ulisoma 85 kwa 83, na walioshinda walikuwa wageni.

Nimeamua kuirejelea mechi hiyo katika safu hii, ingawa miaka imepita, kwa sababu walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaufahamu mjadala usiokwisha kuhusu michezo shuleni na vyuoni. Wapo wanaoiona kuwa sehemu ya elimu, na wapo wanaoiona kuwa upotezaji wa wakati. Swali ambalo halijadiliwi sana ni la tatu: mwanafunzi anapoiletea taasisi yake sifa na fedha, taasisi hiyo inamwia nini? Alama mbili za Durham zililifunua swali hilo kwa namna ambayo hotuba mia zisingeweza.

Tuanze na vyuo vyenyewe, maana havilingani hata kidogo. Duke ni zao la utajiri wa tumbaku. Mwaka 1924 tajiri James B. Duke alitoa mali nyingi kuanzisha wakfu, na Chuo cha Trinity kikabadilishwa jina kwa heshima ya ukoo wake. Uwanja wake wa ndani, unaoitwa Cameron, ulifunguliwa Januari 1940 na unachukua watu 9,314 tu. Udogo huo ndio silaha yake. Wanafunzi huketi karibu kabisa na mstari wa uwanja, kiasi kwamba mchezaji mgeni anayerusha mpira kutoka pembeni huzisikia pumzi zao shingoni. Kabla ya mechi kubwa, vijana hao hulala nje katika mahema kwa siku nyingi ili wapate nafasi ya kuingia. Kocha wao, Mike Krzyzewski, aliiongoza timu hiyo kutoka 1980 hadi alipostaafu 2022, akaipatia ubingwa wa taifa mara tano. Tangu Februari 2000, walipofungwa na St. John's kwa alama moja, Duke hawakuwa wameshindwa nyumbani na timu yoyote isiyo ya ligi yao. Walikuwa wamecheza mechi 150 za aina hiyo, na zote wameshinda.

Stephen F. Austin, kwa upande wake, kilifungua milango mwaka 1923 kikiwa chuo cha kufundishia walimu. Naomba wasomaji wangu walimu walikumbuke jambo hilo, na kama wataona fahari kidogo, sitawalaumu. Ni chuo kilichozaliwa ili kupeleka walimu katika shule za vijijini, katika eneo la misonobari, ndiyo maana timu zake zinaitwa Lumberjacks, yaani wakata magogo. Kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1969. Hakina wakfu wa tumbaku.

Katika mechi yenyewe, mwanzo ulikuwa kama ulivyotabiriwa. Duke walitangulia, na tofauti ikawa kubwa kiasi cha mashabiki kuanza kustarehe. Lakini wageni walikuwa na mtindo wao ambao kocha Kyle Keller alikuwa amewafundisha: kumbana mwenye mpira tangu anapoupokea, kumnyima nafasi ya kuinua macho, kumlazimisha aharakishe pale anapotaka kutulia. Kufikia mwisho, Duke walikuwa wamepoteza mpira mara 22. Tena vijana wa Texas hawakutegemea mitupo ya mbali, ambayo ndiyo mtindo wa siku hizi na ambayo mara nyingi humponza mnyonge. Waliingia ndani, chini ya kikapu, mahali ambapo warefu wa Duke walitarajiwa kutawala, na huko ndiko walikopata sehemu kubwa ya alama zao. Kevon Harris peke yake alifunga 26.

Dakika 40 za kawaida ziliisha timu zikiwa sawa. Katika muda wa ziada zikafikia 83 kwa 83, na mpira ukawa mikononi mwa Duke, sekunde zikihesabika. Kila mtu ukumbini alijua kitakachofuata, kwani amekiona mara nyingi: mkubwa hupata nafasi ya mwisho, huitumia, na mgeni hupanda basi akiwa na hadithi ya jinsi alivyokaribia. Safari hii Duke walikosa, mpira ukaanguka, watu wakaurundikia sakafuni. Gavin Kensmil, kijana mwenye asili ya Suriname, akaunyakua kutoka katika msukumano huo na kumtupia mwenzake aliyekwisha kuanza kukimbia. Mwenzake huyo alikuwa Nathan Bain. Alikimbia kwa urefu wa uwanja, wachezaji wa Duke wakimfuata nyuma, akauweka mpira kikapuni muda ukimalizika.

Wengi waliandika siku iliyofuata kwamba huo ulikuwa muujiza. Mimi sikubaliani na neno hilo. Anayesema muujiza anamnyang'anya mnyonge kazi yake. Vijana wale walikuwa wamefanya mazoezi ya kunyang'anya mpira siku baada ya siku, na walishinda kwa kile walichokizoea. Zaidi ya hayo, wiki mbili kabla, tarehe 12 Novemba, Evansville, chuo kidogo cha Indiana, kilikuwa kimekwenda Kentucky na kuwafunga wenyeji, ambao nao wakati huo walikuwa nambari moja, kwa 67 kwa 64. Ila tusijidanganye pia kwamba ushindi mmoja hugeuza maisha. Evansville hao hao walicheza mechi 18 za ligi yao msimu huo na kushindwa zote.

Sasa tumtazame Bain, maana hapa ndipo mechi inapoacha kuwa mechi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mzaliwa wa visiwa vya Bahamas, kutoka Freeport katika kisiwa cha Grand Bahama. Mwanzoni mwa Septemba 2019, kimbunga kilichopewa jina la Dorian kilivipiga visiwa hivyo kwa upepo wa kasi ya kilomita 295 kwa saa. Vimbunga kwa kawaida hupita. Dorian kilifika Grand Bahama kikasimama, kikawa juu ya kisiwa kwa zaidi ya siku nzima, bahari ikipanda na kuingia majumbani. Watu zaidi ya 70 walithibitishwa kufa nchini humo, na wengine wengi hawakuonekana tena. Makao ya familia ya Bain yaliharibiwa, na vivyo hivyo kanisa la baba yake, ambaye ni mchungaji. Mtoto alikuwa Texas, darasani na mazoezini, akipokea habari kwa simu.

Chuo chake kilifungua mchango katika intaneti mwezi huo huo wa Septemba ili kuisaidia familia. Nakisifu chuo kwa hilo, kwani kilifanya hivyo wakati ambapo Bain hakuwa mtu mashuhuri. Lakini mchango ulisuasua. Hadi siku ya mechi ya Durham ulikuwa haujafika mbali. Kisha kijana akafunga kikapu kile, akahojiwa kwenye televisheni huku machozi yakimlenga, akasema kwamba familia yake ilikuwa imepoteza mengi mwaka huo. Katika siku chache mchango ukapita dola 100,000. Miongoni mwa waliotoa walikuwamo mashabiki wa Duke wenyewe, jambo ambalo lazima tulitaje, kwani kushindwa nyumbani hakukuwafanya wawe wachoyo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Hitaji la familia ile Jumatatu lilikuwa ni lile lile la Jumatano. Kanisa lilikuwa limeharibika kabla ya kikapu na likaendelea kuwa limeharibika baada yake. Kilichobadilika ni kwamba mtoto wa mchungaji alikuwa amewafurahisha watu. Je, kama mpira ungegonga ukingo wa kikapu na kutoka? Kama Kensmil angechelewa nusu sekunde? Wachezaji wangapi wengine waliokuwa na misiba ya namna hiyo walikosa kikapu cha mwisho wakarudi bwenini kimya? Siwalaumu waliotoa. Ukarimu una tabia ya kuhitaji sura na jina. Ninachosema ni kwamba haki ya mtu haifai kungojea kikapu cha sekunde ya mwisho.

Na ilimlazimu kuingoja kwa sababu ya kanuni. Wengi wa wasomaji wangu huenda hawafahamu kwamba wakati huo mchezaji wa chuo Marekani hakuruhusiwa kupokea fedha kutokana na jina lake au uchezaji wake. Alipewa ada ya masomo, malazi, chakula na mahitaji mengine ya shuleni, basi. Hakuweza kuuza picha yake, hakuweza kutangaza bidhaa, na hata msaada wa maafa uliolengwa kwake ulipaswa kupitia njia zilizokubaliwa na chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa 1906. Ndiyo maana mchango wa akina Bain ulifunguliwa na chuo chenyewe, kwa kuzifuata kanuni hizo. Chama hicho hicho, mwaka 2010, kilikuwa kimeuza haki za kutangaza mashindano yake ya kikapu ya mwezi Machi kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 mkataba ukarefushwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi.

Msingi wa kanuni hiyo ulikuwa istilahi moja, mwanafunzi mwanamichezo. Ukiisikia inapendeza. Humtanguliza mwanafunzi na kumweka mwanamichezo nyuma yake, kama kila mwalimu anavyotaka. Lakini historia yake si ya darasani, ni ya mahakamani. Ilienezwa katika miaka ya 1950, wakati wa uongozi wa Walter Byers, ili vyuo viweze kujibu madai ya fidia. Mwaka 1955 mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa chuo kimoja cha Colorado aliumia kichwa uwanjani akafariki, na mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akiulaani mfumo ambao alikuwa ameujenga kwa mikono yake. Wanafunzi wa lugha na walichunguze jambo hili: namna maneno mawili matamu yanavyoweza kufunga mlango ambao sheria ingeuacha wazi.

Sisi wa Kenya si watazamaji tu katika habari hii. Vijana wetu wengi wamepitia mlango huo. Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Paul Ereng alipotwaa dhahabu ya mita 800 huko Seoul mwaka 1988, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia. Hatukatai kwamba ufadhili huo uliwafungulia wengi elimu ambayo wasingeipata kwingine. Mike Boit aliyepitia njia hiyo alirudi akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na hilo ni faida isiyopimwa kwa saa ya mkononi. Lakini waliishi chini ya kanuni ile ile: kukimbia kwa niaba ya chuo, kukipandisha jina, na kutopokea zaidi ya ufadhili.

Kanuni hiyo sasa imevunjika. Tarehe 21 Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tisa bila pingamizi kwamba NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wachezaji manufaa zaidi yanayohusiana na masomo. Siku chache baadaye, kuanzia Julai mosi, wachezaji wakaruhusiwa kunufaika na majina na picha zao. Kisha Juni 2025 jaji aliidhinisha suluhu ya kesi kubwa zaidi, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Walioachwa nyuma nao wakatengewa takriban dola bilioni 2.8, kwa waliocheza tangu 2016.

Ukisoma hayo haraka utadhani kwamba deni limelipwa. Mimi nilidhani hivyo pia kwa muda, mpaka nilipotazama fedha zinakokwenda. Sehemu kubwa ya fidia ile ni ya wachezaji wa kandanda ya Kimarekani na wa kikapu cha wanaume katika ligi tajiri, wale ambao televisheni iliwataka. Na sehemu ya fedha za kulipia fidia hiyo inatokana na kupunguzwa kwa mgao ambao NCAA huvipa vyuo vyote vya daraja la kwanza, vikubwa kwa vidogo. Kwa maneno mengine, chuo kidogo kilichokuwa kikialikwa ili kishindwe sasa kinakatwa ili mchezaji wa chuo kikubwa afidiwe. Sisemi mchezaji huyo hastahili. Anastahili, na alicheleweshwa mno. Ninachouliza ni kwa nini mkono unaotoa uwe ule ule uliokuwa mtupu.

Chuo cha Stephen F. Austin ni mfano mzuri, kwa bahati mbaya. Mei 2025 kilitangaza kwamba kitazifuta timu nne: gofu ya wanaume, gofu ya wanawake, voliboli ya ufukweni ya wanawake, na bolingi ya wanawake, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito ili kuangusha pini. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mzigo wa fedha katika mfumo huu mpya. Timu hiyo ya bolingi ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa mwaka 2016 na tena mwaka 2019. Mwaka wenyewe ni ule ule wa kikapu cha Durham. Hakuna aliyewarundikia wasichana hao kamera. Wachezaji kadhaa walikwenda mahakamani wakidai kwamba sheria ya usawa wa wanawake katika elimu imevunjwa, na Agosti 2025 jaji akaamuru timu za wanawake ziendelee huku kesi ikisikilizwa.

Na wale vijana waliorudi Nacogdoches na alama mbili? Waliendelea kucheza. Msimu ule walishinda mechi 28 na kushindwa tatu tu, wakaongoza ligi yao, na kila mmoja aliamini kwamba mwezi wa Machi wangepata nafasi ya kuonyesha tena kwamba Durham haikuwa bahati. Safari hii wangecheza mbele ya taifa zima, katika mashindano yale ya mabilioni. Tarehe 12 Machi 2020 mashindano hayo yakafutwa kwa sababu ya janga la korona, na Bain, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho, akamaliza uchezaji wake wa chuo bila kupata nafasi hiyo.